Hilo ombi la moyoni tuliseme kwa mdomo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Najua barua za wasomaji mnazipenda fupi ila hii imegoma kuwa fupi, nimejaribu mara mbili kuipunguza nikaona napunguza penyewe. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza vitumbua na chapati asubuhi hapa Morogoro, ni Mlutheri, na jumuiya yetu tunakutana kila Jumamosi alfajiri nyumba kwa nyumba. Nataka kuongelea hili neno letu la makanisani, "Mungu atatoa". Wengine wanasema Yehova Yire, mpaka kwenye daladala na vibanda vya chipsi limeandikwa. Neno lenyewe sina ugomvi nalo hata kidogo, nimeliona likitimia. Ugomvi wangu ni jinsi tunavyojifichia humo, na mimi nimejifichia humo karibu miezi minne ndo maana najua ninachosema.

Kwa wasiosali huku kwetu, jumuiya ni kundi la nyumba za jirani, sisi tuko nyumba kumi na nne. Tunaimba, tunasoma neno, sadaka, alafu kuna muda wa mahitaji. Kiongozi anauliza nani ana ombi. Mmoja atasema mwanangu ana mtihani, mwingine mjomba wake anaumwa huko Ifakara, mwingine ana safari, na lazima atokee mtu aseme "mimi ombi langu liko moyoni, Mungu analijua". Wote tunaitikia amina, tunafumba macho, tunaendelea. Sasa mhariri, kwa miezi minne yule mtu wa ombi la moyoni nilikuwa mimi. Na lile ombi ukilifungua ndani yake kulikuwa na debe la unga tupu, mguu wa mume wangu uliovunjika, na deni.

Ilikuwa hivi. Mwishoni mwa 2023 mume wangu, ambaye ni fundi ujenzi, alianguka na bodaboda akitoka saiti, mguu ukavunjika pabaya wakamwekea chuma. Bima hatukuwa nayo. Mtaji wangu wa vitumbua ukaenda wote hospitali na ada ya mtoto wa pili ikaenda hukohuko. Nikasema haya, nitaanza upya kidogokidogo, na kweli nilianza, mara sukari ikapanda. Kila mtu anakumbuka mwanzo wa 2024, mvua za El Nino zilinyesha mpaka miwa ikashindikana kutolewa mashambani, viwanda vikapunguza kuzalisha, mtaani kwetu kilo ikafika elfu nne na kupita. Na hapo sisi ndo tunakaa mkoa wenye viwanda vya sukari vya Kilombero na Mtibwa, miwa tunapishana nayo barabarani kwenye malori, ila sukari dukani unaulizia kwa sauti ya chini kama unaulizia bangi. Kitumbua bila sukari ni nini? Ukipandisha bei wateja wanahama, ukipunguza sukari wanahama pia na kukusema wanakusema.

Hapo ndo nikaingia kwenye mkopo wa kausha damu. Sina haja ya kueleza sana, wanawake wanaosoma hapa wanaujua. Laki tatu, wanakata elfu kumi na tano ya fomu unashika laki mbili na themanini na tano, marejesho elfu kumi na tatu kila siku kwa siku thelathini, piga hesabu mwenyewe utaona ni laki tatu na tisini. Siku nisiyouza wanataka ileile elfu kumi na tatu. Kijana wa marejesho alikuwa anakuja na daftari lake anakaa kwenye benchi la wateja, hasemi kitu, anakaa tu, na wateja wakimwona wanajua.

Na niseme na hili japo ni aibu. Kwenye ile pesa ya mkopo, elfu kumi nilimtumia kwa simu mtumishi mmoja wa redioni aliyesema panda mbegu leo kabla jua halijazama utavuna mara mia. Nimepanda. Jua likazama. Kesho yake kijana wa daftari kaja kama kawaida.

Sasa muda wote huo kanisani mtu akiniuliza "mama vipi nyumbani, baba anaendeleaje?" nilikuwa najibu "tunamshukuru Mungu, Mungu ni mwema". Na nilikuwa naamini hiyo ndo imani! Nilidhani nikisema hatuna unga nitakuwa nimemwaibisha Mungu, nimekuwa kama wale Waisraeli wa kunung'unika jangwani. Kuna mstari nilikuwa nimeushika kwa nguvu zote, Yeremia 17:5, "Amelaaniwa mtu yule amtegemeaye mwanadamu". Nilikuwa najiambia mimi simtegemei mwanadamu, namtegemea Mungu, kwahiyo nimenyamaza. Lakini nikichimba vizuri leo naona haikuwa imani, ilikuwa ni aibu imevaa kitenge cha imani. Nilikuwa naogopa Mama Fulani wa kwaya ajue, ambaye mwaka juzi tulishonesha sare pamoja nikamkopesha mimi hela ya fundi.

Basi ikafika zamu ya jumuiya kuja kwangu. Wenzangu mnajua zamu ilivyo siku hizi. Zamani ilikuwa watu wanasali wanaondoka kwenda makazini, sasaivi kuna chai, na chai nayo imekua imeota meno, maandazi, mayai, karanga, kuna nyumba wametoa supu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, supu! Hakuna aliyepitisha hiyo sheria ila hakuna anayethubutu kuwa wa kwanza kuivunja. Nilitaka kusingizia nina msiba. Mwisho nikakopa sukari kwa Mangi wa dukani, nikakopa mafuta, unga wa ngano nikaupima ule wa biashara ya Jumatatu, nikawapikia. Watu wakala, wakasifu. Na tuliomba siku hiyo kuhusu riziki, mada ya siku ilikuwa hiyohiyo, na mimi nikasema ombi langu liko moyoni.

Kuna bibi mmoja kwenye jumuiya yetu, mjane, anauza mchicha na matembele. Baada ya chai akasema anaenda kunisaidia vyombo jikoni, nikamwambia bibi acha tu, hakusikia. Alikaa mule kama dakika tano. Akatoka hana neno, akaaga, akasema "mwanangu hebu nisindikize". Tukatembea mpaka kwenye kona ya mwembe ndo akauliza, hata hakuzunguka, "Unadaiwa shilingi ngapi?" Nikaanza wimbo wangu, bibi Mungu ni mwema... Akanikatisha, "Huyo namjua kabla yako, mimi nimekuuliza deni. Nimefunua debe lako mwanangu, nimefunua na la pili." Nikalia pale barabarani mpaka bodaboda wakawa wanageuka kuangalia. Laki mbili na arobaini na saba, nilimwambia, nimelipa siku kumi na moja zimebaki kumi na tisa na nyingine zimeshapita. Akanyamaza alafu akasema kitu ambacho sikisahau, kasema, "Sasa sisi miezi yote hii tunafumba macho kule tulikuwa tunaomba nini?"

Akaniomba ruhusa aseme kwa mwenyekiti wa jumuiya. Nilikataa. Siku ya tatu nikakubali.

Hakushuka malaika na bahasha, mhariri. Nyumba kumi na nne zilichanga elfu tisini na sita, kuna waliotoa elfu kumi na kuna mmoja alitoa mia tano na dawa ya mchwa. Mwenyekiti akaenda na mimi ofisini kwa wale wa mkopo, mwanaume mtu mzima kavaa shati lake la Jumapili, akaongea nao mpaka faini zikasimama. Mwalimu mmoja wa chekechea akaanza kuchukua kwangu chapati arobaini kila siku za watoto, msaada huo ndo uliniinua kuliko hela yoyote, maana ile ni kazi. Usharika nao baadaye kupitia diakonia, yaani huduma ya kanisa ya kusaidia wenye shida, ukatoa laki moja. Zilizobaki elfu hamsini na moja nikamaliza mwenyewe, ilichukua wiki sita.

Lakini hapo kwenye laki moja ya diakonia pana kamfupa. Mzee mmoja wa kanisa (simtaji na tumeshayamaliza) nilipopelekwa kwake swali lake la kwanza lilikuwa, "Bahasha yako ya ahadi namba ngapi? Hebu tuone kama umelipa." Ndo ile bahasha ya sadaka uliyoahidi kanisani. Mbele ya watu wawili. Yaani nimekuja ninazama, mtu anaangalia kwanza kama nililipia maji ya kisima. Nilitaka kugeuka nirudi, bibi akanishika mkono.

Nikaja kulipata jibu lake kwenye kitabu kilekile nilichokuwa nakitumia kujifungia. Yeremia huyuhuyu wa "amelaaniwa mtu", ukienda mbele mpaka sura ya 38, anatupwa kisimani. Hakina maji, kina matope, akazama matopeni. Akatokea Mkushi mmoja wa nyumba ya mfalme, Ebedmeleki, akaenda kumwambia mfalme wazi kwamba huyu mtu atakufa njaa mule. Akapewa watu thelathini. Na kabla ya kwenda kisimani akapitia stoo akachukua nguo kuukuu na matambara, akayateremsha kwa kamba akamwambia Yeremia ayaweke makwapani chini ya kamba, ndo wakamvuta. Na Yeremia akafanya hivyo! Hakusema nimeshahubiri kuhusu kumtegemea mwanadamu, rudisheni kamba zenu. Ingekuwa ni mimi mule kisimani najijua, Ebedmeleki angechungulia akauliza vipi humo ndani ningejibu Mungu ni mwema, tunaendelea vizuri.

Na ule mstari wa 17:5 tunaoupenda hatuumalizii. Unaendelea mpaka kwenye "na moyoni mwake amemwacha Bwana". Kosa liko pale kwenye kumwacha Bwana, siyo kwenye kushikwa mkono na jirani. Mimi siyo mchungaji, kama nimekosea wachungaji wanaosoma gazeti hili wanirekebishe, ila naona hivyo.

Na yale matambara ndo yamenikaa zaidi. Kamba ingetosha kumtoa, lakini ingemkata. Yule mtu alifikiria makwapa ya mwenzake. Swali la bahasha ni kamba bila tambara. Kutangaza kwenye matangazo ya ibada "tumemsaidia mama fulani anayeuza vitumbua" nayo ni kamba tupu, na wanaopiga picha wakikabidhi mchele kilo mbili wanajijua.

Kuna watakaoniambia mbona wapo watakatifu waliokaa kimya wakamwambia Mungu peke yake. Ni kweli, hata sisi tulihubiriwa habari za George Müller, yule aliyelea yatima Bristol kule Uingereza kuanzia 1836, watoto kama elfu kumi mpaka anakufa 1898, na hakuwa anamwomba mtu hela, anapiga magoti tu. Ile mahubiri ilinimaliza kabisa kipindi kile, nikazidisha kunyamaza. Baadaye kijana wangu mkubwa akanitafutia habari zake kwenye simu, kumbe huyo baba alikuwa kila mwaka anachapisha ripoti, kimeingia nini na kimetumikaje, watu wanasoma. Kwahiyo kuomba hakuomba, sawa, lakini nani hakujua kwamba pale Bristol kuna watoto wanasubiri chai asubuhi? Mimi nilichukua kile kipande cha kutoomba, ripoti sikutoa.

Tena mwenzangu kabisa ni yule mjane wa 2 Wafalme 4, ana deni, aliyemwia amekuja kuchukua watoto wake wawili wawe watumwa. Hiyo ni kausha damu ya wakati ule. Nabii Elisha anamuuliza una nini nyumbani, anasema sina kitu ila chupa ya mafuta. Sasa Mungu angeshindwa kumjazia mafuta kwenye sufuria zake mwenyewe? Lakini anaambiwa aende kwa majirani zake wote akaazime vyombo vitupu, na asiazime vichache. Hebu jiweke wewe unagonga mlango wa kumi, "dada naomba ndoo", "ya nini?", "naomba tu". Mtaa mzima si umeshajua kuna jambo. Alafu ndo anaambiwa ajifungie ndani na wanawe amimine. Muujiza ulifanyika mlango umefungwa lakini uhitaji ulipita mlango kwa mlango, na mafuta yalikoma pale vyombo vilipokwisha. Kama angeona aibu akaazima viwili, mimi sijui, ila nahisi ningekuwa mimi ningeazima viwili.

Nisidanganye kwamba ukisema yote yanakuwa mazuri. Habari zangu zilitoka nje ya jumuiya. Wiki ya pili mteja ananiambia huku anakula chapati yangu, "pole, nasikia mlikuwa mnalala njaa", na hatukuwa tunalala njaa, tulikuwa tunalala na uji. Jumamosi mbili sikwenda jumuiya kwa hasira. Na mume wangu ilimuuma kuliko mimi, mwanaume yuko kitandani anasikia watu wamechangia nyumba yake, alikaa kimya siku nzima. Hilo nalo ni la kweli na wanaume wenzake wa jumuiya ndo walimtoa, walikuja jioni kuongea mpira tu, hawakugusa habari ya mchango hata mara moja, na mmoja akamletea kazi ya kusimamia vijana wa plasta akiwa kwenye magongo.

Na najua wapo wanaotumia vibaya, wanazunguka na barua usharika huu na usharika ule, kila mwezi mama yao anakufa. Lakini huwezi kuwadanganya watu wa nyumba kumi na nne wanaochota maji bomba moja na wewe. Ndo maana nasema jambo hili mahali pake ni jumuiya, siyo madhabahuni na siyo kwenye kipaza sauti. Hata kanisa la kwanza, Matendo 6, yalianza manung'uniko, wajane wa Wayahudi wa Kiyunani wanasahauliwa kwenye huduma ya kila siku. Mitume hawakuwaambia kaeni kimya mtegemeeni Mungu, wakachaguliwa watu saba wa kusimamia. Bila yale manung'uniko wale saba wangetoka wapi?

Sisi kwetu tulichofanya ni kidogo tu. Kuna mama wawili tumewachagua, mmoja ni yule bibi, mtu akiwa na ombi la moyoni linalohusu unga, ada, dawa au marejesho anawafuata hao kabla ya Jumamosi, na wao hawataji jina, wanasema tu kuna nyumba ina uhitaji wa kiasi hiki. Kikapu kidogo kinapita tofauti na sadaka. Kuna wiki kinarudi na elfu saba. Na chai tumeishusha, anayekaribisha anatoa chai na kitu kimoja kama kipo, kama hakipo ni chai. Hilo la chai lilikuwa gumu kuliko la kikapu, mhariri, tulibishana Jumamosi tatu! Kuna mama alisema tunamkosesha baraka za ukarimu. Nawaomba viongozi wa jumuiya nyingine, Walutheri, Wakatoliki na jumuiya zenu ndogondogo, Wamoraviani, ninyi wa kilokole na seli zenu, angalieni kwenu chai imefika wapi na nani ameacha kuja tangu zamu yake ilipokaribia. Huyo mkamtembelee, na mkifika jikoni msione haya kufunua debe.

Mwezi uliopita nilimwona bibi anapumzika kila baada ya hatua kumi. Nikamuuliza bibi vipi, dawa ya presha unakunywa? Akasema, "Aa mimi Mungu yupo mwanangu." Nikamwambia bibi na wewe umeanza. Akacheka mpaka akashika nguzo ya umeme. Kumbe ilikuwa imeisha wiki tatu.

Jumamosi hii zamu ni kwangu tena. Nimeshawaambia ni chai ya tangawizi tu maana biashara wiki hii imelala kwa mvua, na mama mmoja akasema atabeba mihogo ya kuchemsha kutoka kwake, nikamwambia lete.

Mama Vitumbua,
Morogoro